Neno Lisikike, Uso Uonekane: Mwongozo wa Kuboresha Sauti na Taa za Jukwaa la Shule kwa Bajeti Ndogo

Shule nyingi za sekondari hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, hazina ukumbi wa maonyesho, zina bwalo. Asubuhi bwalo hilo ni la uji, mchana ni la ugali na maharage, na siku ya mahafali meza husukumwa ukutani, jukwaa la mbao hupangwa upande mmoja, na kwaya, ngonjera, igizo na risala ya wahitimu vyote hutarajiwa kusikika chini ya bati lile lile. Mzazi aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe ili amsikie binti yake akisoma risala hurudi nyumbani akiwa amesikia mvumo tu. Fedha kidogo zikipatikana, pendekezo la kwanza kwenye kikao huwa ni kununua spika kubwa zaidi, na mara nyingi hapo ndipo fedha zinapopotea, kwa kuwa spika kubwa ndani ya bwalo lenye mwangwi huukuza mwangwi sawasawa na inavyoikuza sauti.

Mwongozo huu unafuata mpangilio nilioufikia baada ya miaka kadhaa ya kulea klabu ya sanaa shuleni, na baada ya kuunguza vitu kadhaa: kupima kwa imla, kukarabati vilivyopo, umeme, ukumbi wenyewe, sauti, na taa mwishoni.

Hatua ya 1: Pima bwalo kwa imla

Kabla ya kwenda dukani, pima. Hakuna haja ya chombo chochote. Andaa maneno 50 mafupi yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu, kama vile pata, bata na kata. Pika, fika, shika na zika. Faa, vaa, saa na zaa. Mwanafunzi mwenye sauti ya kawaida asimame jukwaani na kuyasoma kwenye maiki bila mpangilio, kila neno likitanguliwa na “andika”, huku wenzake wakiwa wameketi sehemu kumi tofauti, zikiwemo pembe mbili za nyuma na karibu na milango. Sahihisha kama imla ya kawaida, kisha chora ramani ya bwalo na kuandika alama za kila sehemu.

Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu nguvu kubwa ya sauti ya mtu imo kwenye irabu, ilhali maana hubebwa zaidi na konsonanti, na konsonanti kama s, f, t na p ni dhaifu na ziko juu, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hivi na kuendelea. Mwangwi wa irabu iliyotangulia huifunika konsonanti inayofuata. Mara ya kwanza nilipoendesha imla hii, kijana wa benchi la mwisho aliandika “bata” kila liliposomwa “pata”, na nilipomuuliza alinijibu kwa unyofu, “Mwalimu, sauti ilikuwa kubwa tu.” Kubwa ilikuwa kweli, kilichokosekana ni ile p.

Rudia imla ile ile baada ya kila hatua na uweke matokeo kwenye daftari moja. Daftari hilo ndilo litakalotetea bajeti yako mbele ya bodi ya shule, kwa kuwa mjumbe anayetilia shaka thamani ya pazia zito hawezi kubishana na imla ambayo mwanawe mwenyewe ameiandika.

Hatua ya 2: Fungua stoo kabla ya kufungua pochi

Karibu kila stoo ya shule ina amplifaya ya zamani, spika mbili “zilizokufa”, honi za matangazo na rundo la nyaya zilizofungana kama utumbo. Vitoe vyote nje, juani, na uvipange kwa makundi matatu: kinachofanya kazi, kinachorekebishika, na cha kutoa vipuri.

Spika isiyo na amplifaya ndani yake hupimwa kwa betri ya volti 1.5. Gusisha nyaya za betri kwenye ncha za spika kwa sekunde moja tu: koni nzima itaruka kwa mlio mdogo wa “tk”, na ikiwa chanya imekutana na chanya, koni itasukumwa mbele. Fanya hivyo kwa spika zote mbili. Ikiwa moja inasukumwa mbele na nyingine inavutwa nyuma, basi fundi aliyepita aligeuza nyaya, na besi mliyokuwa mkiilalamikia haikuwa imepungua ila ilikuwa ikifutwa na spika ya pili. Kosa hilo hurekebishwa kwa bisibisi.

Koni isiyoruka kabisa huenda koili yake imeungua. Iliyoruka huku ikikwaruza huenda ukingo wake umeoza au imetafunwa na panya, ambao wakati wa likizo ndefu hulipenda sanduku la spika kuliko mahali pengine popote shuleni. Ukingo na koili hubadilishwa na mafundi wa spika kwa gharama iliyo chini sana ya spika mpya, mradi sanduku na sumaku ni vizima. Miksa inayotoa “krr krr” unapozungusha vitufe mara nyingi ina vumbi tu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme hutosha. Nyaya za maiki nazo hufa kwenye inchi mbili za mwisho karibu na plagi, kwa hiyo kata hapo, chomelea upya kwa risasi, na kebo inarudi kazini ikiwa fupi kwa kiasi cha kidole. Kazi hiyo wanafunzi wa fizikia wanaiweza baada ya kuonyeshwa mara moja.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa sina mzaha. Niliwahi kusimamia onyesho la jioni ambalo taa za kukodi ziliunganishwa kwenye ekstensheni ya gurudumu iliyokuwa bado imeviringwa. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto. Katikati ya igizo tulianza kusikia harufu ya plastiki, na tulipolifungua gurudumu tukakuta mizunguko ya ndani imeyeyuka na kushikana. Tangu siku hiyo, ekstensheni yoyote inayobeba taa au amplifaya hukunjuliwa yote, hata kama soketi iko mita 3 tu.

Hesabu ni rahisi: gawanya wati kwa volti 230 upate ampia. Taa moja ya halojeni ya wati 1,000 inavuta ampia 4.3, na nane zinavuta karibu ampia 35, mzigo ambao soketi za kawaida za bwalo hazikutengenezwa kuubeba. Taa 12 za LED zinazovuta wati 100 kila moja ni wati 1,200, yaani ampia 5 na ushee. Kwa onyesho la saa tatu, zile nane za halojeni zitakula yuniti 24 za LUKU na zile 12 za LED hazitafika yuniti 4. Kwa sababu hiyo tu, sishauri shule inunue taa za halojeni hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mwombe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, akufanyie mambo manne: njia ya peke yake kutoka swichi kuu hadi jukwaani, ya waya wa milimita 2.5 za mraba au zaidi kulingana na mzigo. Sakiti breka yake. Kinga ya kuvuja kwa umeme inayokatika kwa miliampia 30. Na upimaji wa waya wa ardhi. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, una adui mmoja mkubwa: fundi muziki anayeukata ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo unaondoka kweli, lakini kuanzia hapo hitilafu yoyote ndani ya amplifaya inaweza kupitia kwenye maiki ya chuma hadi kwenye midomo ya mtoto. Mvumo wa namna hiyo huondolewa kwa kuchomeka miksa na spika zote kwenye njia moja ya umeme, kwa kutumia kebo za maiki zenye pini tatu, na kwa kisanduku cha DI, kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili huku kikipitisha sauti, kati ya kompyuta au kinanda na miksa.

Umeme ukikatika na jenereta likawashwa, liwe limeunganishwa kwa swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi. Kulichomeka kwenye soketi ya ukutani kunarudisha umeme hadi kwenye nguzo, ambako huenda kuna mtu wa TANESCO amepanda akiamini waya umekufa.

Hatua ya 4: Bwalo lenyewe

Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kuponya ukumbi wa mihadhara usiosikika, na alichofanya ni kubeba matakia kutoka ukumbi mwingine, kuyaongeza kidogo kidogo, na kupima ni kwa muda gani sauti inabaki hewani. Shule ya bweni ina kitu kinachofanana na matakia hayo: magodoro. Siku ya Jumamosi, azima magodoro 30, yaegemeze kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, kisha endesha imla tena. Alama za viti vya nyuma zikipanda, umejua kabla ya kutumia shilingi moja kwamba tatizo lilikuwa ukuta. Magodoro hayo hayafai kubaki pale siku ya hafla, kwa sababu sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Ni ya kupimia tu.

Kutokana na kazi ya Sabine tuna kanuni moja nyepesi: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawanya kwa unyonyaji wake wa sauti. Chukua bwalo la mita 24 kwa 12 lenye urefu wa mita 5 kwenda juu. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,440. Likiwa tupu, kuta za saruji, sakafu na bati vinaweza kunyonya sawa na mita za mraba 70 hivi, na mwangwi utadumu sekunde 3.3. Kila mtu aliyeketi huongeza takriban mita za mraba 0.4, kwa hiyo mdahalo wenye watu 100 utashusha mwangwi hadi sekunde 2.1, na mahafali yenye watu 400 hadi sekunde 1 hivi, ambayo ndiyo hali inayofaa kwa maneno. Ndiyo maana fundi aliyerekebisha sauti Ijumaa jioni bwalo likiwa tupu hushangaa Jumamosi kazi yake yote ikiwa imebadilika. Rekebisha ukiwa na angalau madarasa mawili ndani.

Kwa matumizi ya siku zote, anza na pazia zito kwenye ukuta wa nyuma, lenye upana mara mbili ya ukuta ili likae kwa mikunjo, likining'inia sentimita 10 kutoka ukutani. Fuata na fremu za mbao za mita 1.2 kwa 0.6 zenye kina cha sentimita 5 hadi 10, zilizojazwa rokiwuli (pamba ya mawe) na kufunikwa kitambaa chepesi, zikitundikwa juu ya usawa wa mikono ya wanafunzi. Rokiwuli isipopatikana, magunia ya mkonge yaliyokunjwa tabaka kadhaa husaidia sauti za juu, ila yakae mbali na taa na nyaya. Trei za mayai usijisumbue nazo: hazinyonyi sauti inayoleta tabu na zinawaka kama kibiriti.

Kuhusu mvua, hakuna wati zitakazoishinda mvua ya Novemba juu ya bati lisilo na dari. Mimi huwa nawaambia washereheshaji waweke bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kurusha majembe, katika akiba, na mvua ikianza waiite jukwaani, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya ratiba inayoweza kushindana na bati.

Hatua ya 5: Sauti

Kwa bwalo la ukubwa huo, spika mbili zenye amplifaya ndani, za koni ya inchi 12, zinatosha kabisa kwa maneno na kwaya. Puuza namba zilizochapishwa kwa rangi nyekundu kwenye kasha. “PMPO 10,000” haina maana yoyote ya kiufundi. Tafuta wati za RMS, yaani zile ambazo spika inaweza kuzitoa mfululizo, na ukitaka uhakika soma bamba la nyuma linaloonyesha umeme unaoingia. Spika inayovuta ampia 1.5 kwa volti 230 haiingizi zaidi ya wati 345 mfululizo, hivyo haiwezi kutoa 5,000. Kumbuka pia kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, badiliko ambalo sikio hulihisi kwa shida, ilhali umbali ukizidishwa mara mbili mahali pa wazi hupunguza desibeli 6. Kwa hiyo mahali spika inapowekwa ni muhimu kuliko ukubwa wake.

Ziweke juu ya stendi, sehemu ya chini ya sanduku ikiwa juu ya vichwa vya walioketi, zikielekezwa kwenye viti vya katikati na nyuma, wala si kwenye ukuta. Ziwe mbele ya mstari wa maiki kwa mita 1 hadi 1.5. Spika ikiwa nyuma ya msemaji, maiki itaisikia sauti yake yenyewe na kuanza kupiga mluzi. Kama bwalo ni refu, ongeza spika mbili ndogo ukutani, mita 14 hivi kutoka zile za mbele, lakini zicheleweshwe. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inachukua milisekunde 41 kufika hapo. Weka ucheleweshaji wa 50, na sikio la aliyeketi nyuma litaamini kwamba kila kitu kinatoka jukwaani. Miksa nyingi za kidijitali zina kitufe hicho. Bila ucheleweshaji, spika za nyuma huharibu imla badala ya kuiboresha, na nimeliona hilo kwenye daftari langu mwenyewe.

Kwa maiki, mpangilio wangu wa ununuzi ni huu. Kwanza, maiki mbili nzuri za waya za aina ya dainamiki, zile zinazovumilia kuangushwa. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966 na bado ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, kwa hiyo ukiikuta kwa bei ya ajabu, jua ni nakala. Pili, maiki mbili bapa za kulaza sakafuni mbele ya jukwaa kwa ajili ya igizo, ambazo huokota sauti za waigizaji wote bila kumfunga yeyote nyaya. Tatu, maiki mbili za kondensa kwa kwaya, na hakikisha miksa inatoa volti 48 zinazozihitaji. Umbali kati ya maiki hizo mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka maiki hadi kwa waimbaji. Maiki isiyo na waya ije mwisho, na iwe moja, ya mgeni rasmi. Kabla ya kuinunua, hasa ikiwa ya mtumba kutoka nje, angalia masafa yaliyoandikwa juu yake: megahezi 700 na 800 sasa ni njia za mitandao ya simu, na maiki ya masafa hayo haifai. Vifaa vya mtumba kutoka Marekani vina mtego mwingine, kwa kuwa vingi ni vya volti 120 na vitatoa moshi siku ya kwanza.

Utumiaji wake nao una kanuni zake. Funga kila maiki ambayo haizungumziwi, kwa kuwa kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza. Washa kitufe cha kukata sauti za chini ya hezi 100 kwenye maiki zote za kusemea. Kisha pandisha sauti taratibu hadi mluzi uanze, tambua uko wapi (ule wa “uuu” uko karibu na hezi 300 hadi 500, ule wa “iii” uko 2,000 na zaidi), uupunguze kwenye ikwalaiza (vitufe vya kupunguza au kuongeza sehemu moja ya sauti) kwa desibeli 3 hadi 6, na urudie mara mbili au tatu, si zaidi. Mfundishe msomaji wa risala kuweka maiki umbali wa vidole vitatu kutoka mdomoni na asiifunike kichwa kwa kiganja. Somo hilo la dakika tano hupandisha imla kuliko vifaa vingi vya dukani.

Kwa bugobogobo, usiweke stendi ya maiki ndani ya mita 2 za wachezaji. Majembe yanarushwa na kudakwa, na jembe halichagui. Ngoma zenyewe hazihitaji kukuzwa ndani ya bwalo; anayehitaji maiki ni mwimbaji anayeongoza.

Hatua ya 6: Taa

Jiulize kwanza: maonyesho yenu ni ya saa ngapi? Mahafali mengi huanza asubuhi na kwisha alasiri, madirisha yakiwa wazi, na mwanga wa jua unaoingia dirishani huzimeza taa za LED za bei ndogo. Shule yenye hafla za mchana tu inahitaji pazia la dirishani na taa mbili nyeupe za kuangaza nyuso, basi. Fedha iliyobaki irudi kwenye sauti.

Kwa maonyesho ya jioni, kinachotafutwa ni uso. Taa ikitoka juu kabisa ya kichwa, macho huwa mashimo; ikitoka mbele moja kwa moja, uso unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Pembe inayofaa ni kati ya digrii 35 na 45. Kuipata ni rahisi: jukwaa la sentimita 80 na mtu wa kawaida huweka uso kwenye mita 2.4 kutoka sakafuni. Bomba la taa likiwa mita 4.4, tofauti ni mita 2, na kwa digrii 45 bomba linapaswa kuwa mita 2 mbele ya mtu, au karibu mita 2.9 kwa digrii 35. Mtu akirudi nyuma ya jukwaa, pembe inalala, kwa hiyo jukwaa lenye kina cha mita 5 linahitaji mabomba mawili: moja juu ya watazamaji wa mbele na la pili juu ya katikati ya jukwaa.

Bomba la chuma la maji la inchi 1½ lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, na vibano vya kawaida vya taa vimetengenezwa kukaa humo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuagiza vyuma maalumu. Kabla ya kulitundika kwenye kenchi za paa, mwite mhandisi au fundi anayeaminika aseme kama zinabeba, kwa kuwa kenchi nyingi za mabwalo zilipigiwa hesabu ya bati na upepo tu. Zikikataa, simamisha bomba kwenye nguzo mbili za pembeni. Kila taa iwe na kibano na waya wa pili wa usalama uliozungushwa kwenye bomba. Taa ya kilo 3 ikidondoka kutoka mita 4 haiulizi imeangukia benchi la nani.

Taa sita za mbele na nne za pembeni zinatosha kwa kuanzia. Epuka zile zenye rangi nyekundu, kijani na bluu pekee: rangi tatu hizo zikichanganywa hutoa weupe wenye mapengo, na ngozi nyeusi huonekana ya kijivu. Chagua zenye nyeupe ya joto au kahawia ya dhahabu ndani yake. Dukani, mwombe muuzaji aiwashe, simamisha watu watatu wenye rangi tofauti za ngozi mbele yake, uwatazame kwa macho kisha kwa kamera ya simu. Taa ya bei rahisi itaonyesha mistari inayotembea kwenye video, na wazazi watarekodi kwa simu. Taa za pembeni ndizo zinazopendeza zaidi kwenye ngoma, kwani huchora mgongo na mkono unaposogea. Ukiwa na fedha ya taa nne tu na kazi yenu ni ngoma, zote ziweke pembeni.

Taa hizi huongozwa kwa DMX, mfumo wa mwaka 1986 wenye chaneli 512 kwenye waya mmoja. Waya hutoka kwenye kifaa kinachoongoza taa kwenda taa ya kwanza, hutoka humo kwenda ya pili, na kuendelea hivyo bila matawi, ukiwa na vifaa visivyozidi 32. Taa ya chaneli 7 iliyopewa anwani 1 inashika hadi 7, kwa hiyo inayofuata inapewa 8, kisha 15, 22, 29 na 36. Andika anwani kwenye plasta na uibandike nyuma ya kila taa. Kwenye tundu la mwisho la kutokea weka plagi yenye rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Fundi redio yeyote anaitengeneza, na huondoa ule utani wa taa kuwaka zenyewe. Badala ya kununua meza ya taa, tumia kompyuta ya zamani ya shule na programu ya bure ya QLC+ pamoja na adapta ya USB kwenda DMX.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya ugenini havilitaji. Jioni fulani wadudu wa ziwani hupanda kutoka majini kama moshi na kufuata mwanga mweupe wa bluu-bluu. Huingia kwenye feni za taa, hufa humo, na taa hujizima kwa joto. Nunua taa zisizo na feni inapowezekana, washa rangi za joto milango ikiwa wazi, na acha taa moja nyeupe nje, mbali na mlango, iwavute huko.

Hatua ya 7: Kununua na kugawa fedha

Shule ya serikali itapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, na taratibu zake. Jambo la msingi ni kuandika sifa za kiufundi kwa usahihi, kwa sababu ukiandika “spika kubwa mbili” utaletewa spika kubwa mbili. Katika kila shilingi 100, mimi ningetenga 25 kwa umeme na kebo, 15 kwa bwalo, 35 kwa sauti, 20 kwa taa, na 5 za vipuri: fyuzi, plagi, betri na maiki moja ya akiba. Kariakoo bei ni nafuu, lakini kifaa kikifa baada ya wiki mbili nauli ya kukirudisha ni yako, kwa hiyo vyenye umeme mwingi ndani nunua hapa Mwanza. Makanisa yanayobadilisha vifaa huuza vizuri na hukubali ujaribu kwanza.

Siku yenyewe

Nunua LUKU siku moja kabla. Asubuhi, wanafunzi wawili wa klabu wapite kila kebo na kila maiki huku wa tatu akitia alama daftarini. DJ wa kukodi akija na sabufa zake na kutaka kuunganisha kwenye spika za shule, mpe chaneli moja tu ya miksa, na kitufe cha sauti ya jumla kibaki mikononi mwa mwanafunzi aliyefanya imla. Hafla ikiisha, kebo zikunjwe kwa mizunguko mikubwa, wala si kwa kuzungushwa kwenye kiwiko, zifungwe kwa kamba, na spika zirudi stoo zikiwa na wavu wa chuma kwenye kila tundu la nyuma, kabla panya hawajapata habari kwamba likizo imeanza.